Nukta Mbili na Mkwaju

"Usifunue tena, mama. Kila ukifunua, baridi inaingia," Fundi alisema, na mwenye kuku akairudisha haraka ncha ya blanketi juu ya beseni alilokuwa amelipakata.

"Nilitaka kuyaona tu."

"Utaona nini? Yai ni yai. Halitakukonyeza."

Mwanamke alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekesha. Mashine yake ya kuangulia vifaranga ilikuwa juu ya meza ya Fundi, kisanduku cha mbao chenye mlango wa kioo, kikubwa kama kabati la viatu. Ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo kwa mkokoteni. Umeme ulikatika mtaani kwao, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Bodi ya mashine, ule ubao mdogo wa umeme ulio akili yake, ikaungua, na chumba kizima sasa kilinuka plastiki. Mayai aliyatoa mwenyewe, akayapanga ndani ya beseni katikati ya chupa za maji ya moto, akayafunika kwa blanketi la kitanda chake, kisha akatembea nyuma ya mkokoteni njia nzima akiwa ameyakumbatia.

"Fundi, nikwambie ukweli," alisema. "Banda langu ni tupu. Ugonjwa wa kideri umezoa kuku wote, mpaka jogoo. Haya ndiyo mayai ya mwisho ya mbegu aliyoniachia mama yangu. Jana niliyamulika kwa tochi, nikaona mishipa imetanda ndani. Wako hai. Wakifa hawa, sina pa kuanzia."

"Hawatakufa."

"Mama wa hapa, mkeo, yupo? Yeye ndiye anayekijua hiki kidude cha kupimia joto. Alikipima mbele ya macho yangu."

"Katoka," Fundi alisema, akainamia kazi.

Aliing'oa bodi iliyoungua, akasafisha masizi kwa mswaki wa meno, akalehemu mpya mahali pake. Mikono yake ilikuwa mizito na yenye makovu, lakini kwenye waya mwembamba ilitulia kama mikono ya mshonaji. Kihisi joto kilikuwa kizima. Kilining'inia juu ya trei kwa waya wake, na kwenye waya kulikuwa na karatasi ndogo yenye namba, kwa mwandiko wa mke wake. Fundi aliisoma namba ile, akaichapa kwenye kompyuta, akaunganisha kebo, akabonyeza kitufe cha kujenga programu.

Kwa kawaida kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine, hufanya kazi yake kimya kimya, kama mtu anayekula chakula kizuri. Safari hii iligoma kwenye mstari wa kwanza. Maandishi mekundu yalitokea: faili hilo halipo.

Mstari wenyewe aliujua kama alivyolijua jina lake:

#include "../bibi/joto.h"

Nukta mbili na mkwaju maana yake ni hii: toka nje ya folda ulimo, panda ngazi moja. Kisha ingia kwa bibi, uchukue faili la kichwa liitwalo joto. Faili la kichwa ndilo programu hulisoma kwanza, kabla haijaanza kazi yake yenyewe, ili ijue inachokwenda kukitumia.

Ndani ya folda moja kubwa iliyoitwa kazi waliishi wawili, bwana na bibi, kila mmoja na folda yake, ukuta kwa ukuta. Bwana aliandika mambo ya mota inayoinamisha trei ili mayai yasilalie upande mmoja. Bibi aliandika joto. Kila kihisi kina uongo wake. Kimoja huzidisha, kingine hupunguza. Mkewe alikuwa akikitumbukiza kila kihisi katika beseni la maji vuguvugu pamoja na kipimajoto cha hospitali, akasubiri, akatazama, akaandika kinadanganya kwa kiasi gani. Orodha ya uongo ule wote, namba kwa namba, ndiyo iliyokuwa faili la joto.

Na lake nalo lilikuwa na mstari wake wa kuruka ukuta:

#include "../bwana/mota.h"

Hii ni kwa sababu mota ikizunguka hupata moto, na moto ule hukidanganya kihisi kilicho jirani. Kwa hiyo hesabu ya joto ilitaka kujua mota ya bwana inazunguka kwa muda gani. "Nikichukua kwako," mkewe alimwambia siku alipouandika, "ukibadilisha wewe, mimi nitafuata bila kuulizwa."

Mwalimu wao wa masomo ya jioni hakuipenda njia ile. Walikuwa wakienda darasani pamoja baada ya kazi, mtu na mkewe, wamekaa dawati moja wakati wenzao wote walikuwa na umri wa watoto wao. "Nyinyi mnapeana chumvi dirishani," mwalimu alisema. "Vitu vya pamoja vijengeeni chumba chao. Njia ya nukta mbili inamtegemea jirani asihame. Akihama je?"

"Mwalimu," Fundi alijibu, "huyu ni mke wangu. Ahamie wapi?"

Darasa zima lilicheka. Mkewe alicheka kuliko wote, mpaka akaficha uso kwenye bega lake.

Sasa Fundi aliutazama mstari ule mwekundu, akaielewa ile siku mkewe alipoondoka. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akimwangalia mkewe akifunga nguo zake, beseni lake na kipimajoto chake. Mwishoni kabisa mkewe alikaa kwenye kompyuta, akachomeka flashi. "Nachukua changu tu," alisema. Naye Fundi akajibu, "Chukua. Mimi najitosheleza." Mkewe hakuwa amenakili. Alikuwa amehamisha. Na tangu siku hiyo Fundi hakuwa amejenga programu yoyote. Kazi zilizoletwa zilikuwa za waya na fyuzi, hakuwa na sababu ya kuufungua mlango huo.

"Kuna tatizo?" mwenye kuku aliuliza.

"Dogo tu."

Alijaribu. Aliuweka kando kwa muda mstari ule, akaandika faili lake mwenyewe la joto, lisilo na masahihisho yoyote, kana kwamba vihisi vyote duniani vinasema kweli. Kompaila ikakubali. Taa ya mashine ikawaka, namba zikapanda polepole mpaka nyuzi thelathini na saba na nusu, zikatulia. Mwenye kuku akaweka beseni chini, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Hapa ni baridi, Fundi."

"Kidude kinasema ni sawa."

"Mkono wangu unasema si sawa. Nimelea kuku, nimelea na watoto. Siweki mayai yangu humu."

Fundi angeweza kukipima kihisi upya, kama angekuwa na kipimajoto. Angeweza kubahatisha, lakini kubahatisha juu ya nyuzi moja tu huua, na hawa walikuwa wa mwisho wa ukoo wao. Alivaa shati juu ya fulana yake ya kazi.

"Birika lile pale. Chemsha maji, badilisha chupa zikianza kupoa. Nakwenda kwa mke wangu mara moja."

"Si ulisema katoka?"

"Huko ndiko alikotoka kwenda."

Mkewe alikuwa kwa kaka yake, seremala aliyefanya kazi nyuma ya gereji ya malori. Ilikuwa njia ya kuteremka, kisha kupanda, kati ya maduka ya vyuma na vibanda vya kuchaji simu. Fundi aliipita bila kusalimiana na mtu. Kichwani alikuwa akipanga maneno. Alianza na "samahani", akaliondoa, akaanza na "habari za siku nyingi", akaliondoa pia. Kufika kwenye lango la bati alikuwa hana hata neno moja lililobaki mahali pake.

"Aa! Mimi Mwenyewe kaja mwenyewe!" shemeji yake alipaza sauti kutoka kwenye vumbi la mbao. "Karibu, Mimi Mwenyewe. Leo nani kakushikia taa huko njiani, maana naona hujajikwaa?"

"Shemeji, nina haraka."

"Haraka hukuwa nayo miezi yote hii."

Jina lile lilitoka kwenye maonyesho ya mafundi. Wageni walikuwa wamejazana mbele ya mashine, mmoja akauliza nani aliyeitengeneza, na Fundi, kifua mbele, akasema, "Mimi mwenyewe. Mke wangu huyu ananishikia taa." Watu walicheka, kwa kuwa ilisemwa kwa utani. Mkewe alikuwa nyuma yake ameshika trei ya mayai. Jioni, wakiwa wanabandika jina la Fundi kwenye milango ya mashine mpya, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama na lake lingeweza kuwekwa, hata kwa herufi ndogo. Fundi alikitazama kibandiko, akamwambia hakina nafasi.

Mtu haondoki kwa sababu ya kibandiko. Shemeji mwenyewe alikuwa amemweleza hivyo siku aliyokuja kupakia mizigo: "Dada yangu hakuvunjwa na shoka, Shemeji. Wewe ni mchwa."

"Mwache apite, kaka," sauti ilisema kutoka ndani.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Meza moja, kompyuta ya kupakata, beseni la bluu alilolijua kila mkwaruzo wake, na kipimajoto kimeegemea ukingoni. Kwenye kona palikuwa na mashine ya kuangulia, mbao yake mbichi bado, haijapigwa rangi. Ilikuwa inafanya kazi. Fundi aliisikia mota ikianza kuzunguka, akasimama kuisikiliza kabla hata ya kusalimu, kama mtu anavyosikiliza hatua chumba cha pili. Ilizunguka vizuri. Ilizunguka kwa ulaini kuliko yake.

"Bibi," alisema.

"Karibu, Fundi."

Miaka yote ya ndoa yao mkewe hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita bwana wee, alimwita mzee wangu, alimwita mkaidi mkubwa. Fundi lilikuwa jina la wateja.

"Nina shida," alisema. "Bodi imeungua ya yule mama mwenye kuku, yule wa banda la kijani. Mayai yake yako kwenye beseni. Nimejenga, haikujengeka. Faili lako..."

"Najua." Alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea flashi. "Kihisi chake nakikumbuka. Kinazidisha. Kinasema kuna joto wakati hakuna. Umejaribu bila masahihisho?"

"Nilijaribu."

"Hukuyaweka mayai?"

"Mwenyewe alikataa. Aliingiza mkono."

"Afadhali mkono wake." Alitabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa la mwenye kuku, halikuwa lake Fundi. Akachomeka flashi. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogo za kuungua, za chuma cha kulehemu. Zamani kulehemu ilikuwa kazi ya bwana.

"Ukifika," alisema bila kugeuka, "liweke ndani kwako kabisa, pamoja na mafaili yako. Futa zile nukta mbili. Usiliache kwenye njia ya kuruka ukuta."

"Mwalimu alituambia."

"Alikuambia wewe. Mimi nilikuwa nacheka."

Fundi alikaza macho kwenye beseni. Maji yake yalikuwa yametulia, na ndani yake kihisi kimoja kilikuwa kimezama, kinangoja kupimwa. Alihisi kwamba kama angesema sasa, lile neno la samahani lingetoka. Si lazima liwe zuri. Litoke tu.

"Bibi, ile siku ya maonyesho. Mimi nili..."

"Mayai yanapoa, Fundi."

Alisema kwa upole. Angefoka, Fundi angejua la kufanya. Kwa kufoka walikuwa na mazoea. Mkewe akaifunga flashi kofia yake ndogo kwanza ili vumbi la mbao lisiingie, kama alivyokuwa akiifunga siku zote, akampa mkononi.

Nje, shemeji yake alikuwa ameacha randa. Hakutania tena. Alimfungulia lango la bati, akamshika bega kidogo, akamwachia.

Mwenye kuku alikuwa amevua khanga yake ya mabegani akaiongeza juu ya blanketi. "Nimebadilisha chupa zote," alisema. "Bado yana uvuguvugu. Umepata?"

"Nimepata."

Fundi alikaa, akalifungua faili la joto kwenye kioo cha kompyuta. Hakukuwa na haja ya kulisoma, lilikuwa la kutumia tu. Lakini macho yake yalikwenda yenyewe juu kabisa, kwenye mstari wa pili, kuutafuta ule wa kuja kwa bwana.

Haukuwepo.

Mahali pake palikuwa na maneno "muda wa mota", na mbele yake namba arobaini, imechapwa waziwazi. Fundi aliitazama. Ilikuwa namba sahihi. Ilikuwa ile ile yake, iliyokuwa katika faili la mota tangu mwanzo wa kazi yao, sekunde arobaini za kuinamisha trei. Mkewe hakuwa ameipotosha wala hakuwa amegombana nayo. Huko alikohamia, kompaila yake nayo ilimwandikia kwa rangi nyekundu kwamba bwana hayupo. Akakaa, akafikiri, akaandika namba, akaendelea na kazi. Kuanzia sasa Fundi angeweza kubadilisha mwendo wa mota yake atakavyo, na joto lisingejua.

"Vipi, limekataa?"

"Hapana, mama. Liko sawa."

Kilichobaki kilikuwa kuliweka mahali. Alirudi kwenye programu yake, akaurudisha ule mstari wa kwanza, akaweka alama ya kuandikia mbele ya neno joto. Kulikuwa na herufi chache tu za kufuta. Nukta, nukta, mkwaju, bibi, mkwaju. Aliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Nje mtu alipita akisukuma toroli la chupa tupu, zikagongana mpaka mwisho wa mtaa.

Akakiondoa kidole.

Alitoka ndani ya folda ya bwana, akapanda ngazi moja, mpaka kwenye folda kubwa ya kazi. Hapo akatengeneza folda mpya. Akaipa jina bibi. Akaweka ndani yake faili lile moja, peke yake, akafunga. Kisha akabonyeza kitufe cha kujenga.

Kompaila ilisoma mstari wa kwanza. Ikatoka nje, ikapanda, ikaingia kwa bibi, ikachukua joto, ikarudi. Haikuuliza kama humo ndani mnakaa mtu. Kioo kilibaki cheupe, hakuna rangi nyekundu mahali popote.

Mashine iliwaka. Namba zilianzia chini safari hii, zikapanda kwa kusitasita, zikakaa. Mwenye kuku aliingiza mkono, akafumba macho, na polepole mabega yake yakashuka.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Huyu ndiye mama yao."

Waliyarudisha mayai moja moja. Kabla ya kuweka la mwisho mwenye kuku alilimulika kwa tochi ya simu, kiganja kimelizunguka, na wote wawili wakainama. Ndani ya wekundu ule kulikuwa na mishipa myembamba, na katikati doa jeusi. Doa lilitikisika. Mwanamke akavuta pumzi, akalilaza kwenye trei, akafunga mlango.

"Mashine na ilale hapa mpaka kesho," alisema. "Siwatikisi tena leo."

"Ilale."

Alijifunga khanga yake, akakunja blanketi. Alipoinama kuchukua beseni macho yake yalipita kwenye kompyuta, na alikuwa mtu wa kusoma kila kilichoandikwa mbele yake, hata mabango ya barabarani.

"Bwana. Bibi," alisoma, akacheka kwa mara ya kwanza kicheko chake halisi. "Kumbe hata humo mmekaa chumba na chumba! Nyinyi watu!"

"Ndiyo," Fundi alisema.

"Haya. Mama akirudi, mwambie joto lake limekaa sawasawa."

"Nitamwambia."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akasimama mpaka alipokata kona na beseni lake tupu kichwani. Kisha akarudi. Taa ya mashine ilimwaga wekundu wake mezani, juu ya vipande vya waya na bodi iliyoungua. Mota ikaanza kuzunguka. Trei iliinama polepole kuelekea dirishani, na mayai yote yakainama pamoja nayo. Fundi alisimama mbele ya mlango wa kioo, kiganja chake kikiwa juu ya kibandiko chenye jina lake, kioo kikianza kupata moto chini ya mkono, mpaka mota iliponyamaza.